Azalea ya Limuru yalia njaa Syokimau

KATI ya barua zilizonifikia mwezi huu, ipo moja ambayo nimeamua kuijibu kwa ukumbi mzima badala ya kuipa mistari mitatu minne kama ilivyo desturi yetu. Imetoka kwa mama mmoja wa Syokimau ambaye ameniomba nisilitaje jina lake. Anasema marehemu mamake alikuwa na kichaka cha azalea mbele ya nyumba yao huko Limuru, cha maua ya rangi ya waridi, na kwamba kichaka hicho kilichanua miaka nenda miaka rudi bila ya mtu kukishughulikia. Mzazi huyo alipofariki na boma kugawanywa, ndugu walichukua viti na vyombo. Yeye alichukua azalea. Aliichimbua na udongo wake, akaipakia nyuma ya pikapu na kwenda kuipanda kando ya ukuta wa nyumba yake mpya.

Sasa ni mwezi wa nane tangu aipande. Majani machanga yanachipuka yakiwa ya manjano, ni mishipa tu iliyobaki na ukijani. Ametia samadi ya ng'ombe. Ametia mbolea ya CAN. Kwa ushauri wa jirani, amemwaga jivu la makaa shinani kila Jumamosi. Na kila anapoongeza kitu, ndivyo mmea unavyozidi kudhoofika, hadi mumewe amemwambia aung'oe apande bogenvilia, maanake hilo ndilo ua la Syokimau. Anauliza afanyeje, kwani hataki ile azalea ife mikononi mwake.

Mama, usiitupe. Kutokana na ulivyoeleza, mmea wako hauna ugonjwa. Una njaa, na njaa yenyewe ni ya ajabu, kwa sababu chakula kimejaa tele kuizunguka mizizi yake lakini kimefungiwa kama unga ulio ndani ya ghala la kufuli. Hizo mbolea ulizotia, hasa jivu, ndizo zilizoongeza kufuli la pili.

Ili tuelewane, yafaa kwanza tuujue ukoo wa mmea huu. Azalea ni mtoto wa jamii kubwa iitwayo rododendroni, jina la Kigiriki lenye maana ya mti wa waridi. Jamii hii ina aina zipatazo 1,000. Nyingine ni vichaka vifupi visivyopita goti, na nyingine, kama zile za milima ya Himalaya, ni miti mirefu kushinda nyumba. Nchini Nepal ua la rododendroni nyekundu ndilo ua la taifa. Azalea nyingi zinazouzwa katika vyungu duniani zina asili ya China na Japani, zikapitia mikononi mwa wakulima wa maua wa Ubelgiji ambao walizichanganya hadi zikatoa maua manene yenye petali nyingi.

Bara letu la Afrika kusini mwa Sahara halina rododendroni hata moja ya asili. Lakini binamu zake tunao. Aliyewahi kupanda Mlima Kenya au safu za Nyandarua ameviona vile vichaka virefu vyenye vijani vidogo kama sindano, vilivyofunikwa na ndevu za kuvu, pale juu ya ukanda wa mianzi. Wanasayansi huviita Erica, na ni wa ukoo mmoja na azalea. Wote hupenda mambo yale yale: ubaridi, ukungu, na udongo wenye majani yaliyooza ambao una asidi.

Neno hilo asidi ndilo kiini cha barua hii. Udongo hupimwa kwa kipimo kiitwacho pH, ambapo 7 ni katikati, chini yake ni asidi na juu yake ni alikali, yaani upande wa magadi na chokaa. Kila hatua moja ni mara kumi, kwa hiyo udongo wa 5 una asidi mara 100 kuliko ule wa 7. Azalea hutaka udongo wa baina ya 4.5 na 6. Katika udongo huo madini ya chuma huyeyuka na mizizi huyanywa kwa urahisi. Udongo ukivuka 7, chuma hugeuka kuwa kama kutu isiyoyeyuka. Kipo, lakini mmea hauwezi kukinywa. Na kwa vile chuma ndicho kinachouwezesha mmea kutengeneza ile rangi ya kijani, majani machanga hutoka manjano huku mishipa ikiwa kijani. Angalieni vyema: ni machanga. Kama yangekuwa yale makuukuu ya chini yaliyogeuka manjano yote, ningeshuku ukosefu wa naitrojeni, na hapo mbolea ya kawaida ingefaa.

Basi kwa nini Limuru haikuhitaji kazi yoyote? Tazama jirani yake pale ni nani. Ni majani chai. Chai ya kwanza humu nchini ilipandwa Limuru mwaka wa 1903, na chai hutaka udongo wa asidi takriban sawa na ule wa azalea. Penye shamba la chai linalostawi, mwenye azalea halazimiki kupima chochote. Limuru iko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, ukungu ni wa kila siku mwezi wa Julai, na udongo wake mwekundu ni mzito lakini hupitisha maji. Marehemu hakuhitaji kuwa na mkono wa miujiza. Mahali penyewe palimfanyia kazi.

Sasa njoo Syokimau. Pande hizo, pamoja na Kitengela, Athi River na sehemu kubwa ya Embakasi, zina ule udongo mweusi unaonata viatuni wakati wa mvua na kupasuka nyufa wakati wa kiangazi. Udongo huo una mfinyanzi mwingi na mara nyingi una vijiwe vya chokaa ndani yake. Wakati wa masika hugeuka bwawa na mizizi ya azalea, ambayo ni laini kama nywele na hukaa juujuu tu, huoza kwa kukosa hewa. Wakati wa kiangazi, nyufa huikata mizizi hiyo hiyo.

Hilo ni la kwanza. La pili ni huo ukuta. Nyumba mpya huacha takataka za ujenzi ardhini: saruji iliyomwagika, vipande vya mawe, mchanga uliochanganywa na chokaa. Mafundi huvifukia kwa udongo kidogo na kuondoka. Ukipanda azalea futi moja kutoka ukutani, umeipanda ndani ya saruji, na saruji ni alikali kali sana. La tatu, na huenda ndilo baya kuliko yote, ni maji. Mwandishi wa barua anasema mtaa wao unatumia maji ya kisima kirefu. Maji ya visima vya upande huo aghalabu yana chumvichumvi na magadi. Ukinyunyizia maji hayo kila jioni kwa miezi minane, hata udongo mzuri wa Limuru uliokuja na mizizi utakuwa umebadilika. Ukiona chungu chako cha maua kina utando mweupe ukingoni, huo ndio ushahidi.

Na jivu? Jivu hufanya kazi sawa na chokaa. Kwa sukuma wiki iliyo kwenye udongo wenye asidi nyingi mno, jivu kidogo ni dawa. Kwa azalea ni sumu ya polepole. CAN nayo ina chokaa ndani yake. Samadi mbichi ina chumvi nyingi ambayo huunguza mizizi laini. Jirani hakuwa na nia mbaya, lakini ushauri wa bustani hausafiri vyema kutoka mmea mmoja hadi mwingine.

Kabla ya kugusa chochote, pima. Watoto walioko shule za upili wanaweza kuifanya kazi hii jikoni, nayo itawafaa kuliko kukariri kitabu cha kemia. Chukueni kabeji ya zambarau, mkatekate majani machache, myachemshe kwa maji ya mvua dakika kumi hivi, kisha mchuje. Mtapata maji ya rangi ya zambarau. Katika gilasi nyingine korogeni kijiko cha udongo kwa maji ya mvua, muache utulie, mmimine yale maji ya juu yaliyo maangavu ndani ya maji ya kabeji. Yakielekea wekundu wa waridi, udongo una asidi. Yakielekea buluu au kijani, ni alikali. Kisha tieni udongo mkavu katika kisahani na mmwagie siki. Ukitoa povu na kuchemkachemka, una chokaa, na hapo azalea haina maisha. Hivi si vipimo vya maabara. Mwenye kutaka tarakimu kamili apeleke udongo wake katika maabara za KALRO pale Kabete, ambako hupima udongo wa wakulima kwa malipo.

Kipimo cha tatu kiko nje ya nyumba za watu. Lile ua liitwalo haidrenja, lenye vichwa vikubwa vya mviringo, hutoa maua ya buluu katika udongo wa asidi na ya waridi katika udongo usio na asidi (lile jeupe ndilo halibadiliki). Tembea mtaani kwako uangalie. Palipo na haidrenja ya buluu ambayo mwenyewe hakuitilia dawa, azalea itakaa.

Turudi kwa mgonjwa wetu. Ushauri wangu ni kwamba aitoe ardhini na kuihamishia ndani ya chungu. Kujaribu kuugeuza udongo wa Syokimau uwe wa Limuru ni kazi ya kujaza bahari kwa kijiko. Unaweza kutia unga wa salfa, na ni kweli kwamba vijidudu vya udongoni huugeuza salfa ile kuwa asidi, lakini huchukua miezi, na palipo na chokaa nyingi chokaa hushinda. Chungu ni eneo dogo ambalo unaweza kulitawala.

Chagua chungu kipana kuliko kilivyo kirefu, kwa sababu mizizi yake haiendi chini. Kiwe cha udongo wa kuchomwa au cha plastiki, chenye mashimo ya kutosha. Vile vyungu vya saruji vinavyopangwa kandokando ya barabara ni vya kupendeza na vinadumu, lakini vikiwa vipya hutoa chokaa kila unapomwagilia. Panda humo kitu kingine.

Udongo wa chungu usiwe ule wa uani. Changanya mboji ya majani yaliyooza vizuri, makumbi ya nazi yaliyosagwa, ambayo siku hizi huuzwa yakiwa yameshindiliwa kama matofali, na magome ya msonobari yaliyokatwakatwa na kuozeshwa. Ukiweza kupata udongo mwekundu kutoka kwa jamaa zako wa Limuru, tia sehemu moja katika nne. Wauzaji wa miche hupenda kuuza wanachokiita udongo wa msitu. Mimi siwashauri wasomaji kuununua, kwa maana mara nyingi umechotwa bila kibali, na msitu uliopokonywa ngozi yake hauoti tena upesi.

Subiri siku ya mawingu, hasa mvua zinapoanza. Mwagilia mmea usiku uliotangulia. Chimba duara pana kidogo kuliko matawi yalivyoenea lakini usiende kina kirefu, kisha pitisha sepeto chini kwa chini uinue bonge lote. Lisuuze taratibu kwa maji ya mvua ili udongo mweusi na jivu vitoke, ukate mizizi iliyooza. Unapoipanda, bonge lisizame. Sehemu yake ya juu iwe sawa na udongo wa chungu au izidi kidogo. Azalea iliyofukiwa shingo hufa, na hili huua nyingi kuliko ukame. Juu yake tandaza majani makavu au magome, unene wa vidole vitatu, bila kugusa shina. Usiwahi kupalilia kwa jembe wala uma. Kwekwe zing'olewe kwa mkono.

Mahali pa kuiweka ni pale panapopata jua la asubuhi na kivuli cha alasiri. Maji yawe ya mvua. Kwenye paa la mabati lenye mifereji, mvua moja nzuri ya Aprili hujaza pipa la lita 200, na chungu kimoja hakimalizi pipa hilo haraka. Walio mjini Nairobi kwenyewe wanaopata maji ya mfereji kutoka Ndakaini wana nafuu, kwani maji hayo ni laini. Udongo uwe na unyevu daima lakini chungu kisikae ndani ya sahani ya maji.

Kwa njaa yenyewe, nenda duka la pembejeo uulize chuma cha kunyunyizia majani, kile kilichotengenezwa kisifungwe na alikali. Fuata kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti. Majani yatarudisha kijani katika wiki chache. Lakini hiyo ni kama kumpa mgonjwa maji ya dripu: humwinua akaketi, haimtibu. Chungu na maji ndivyo vitakavyomtibu. Mbolea nyingine isitiwe hadi machipukizi mapya yatokee, na hata hapo iwe kidogo, ya aina ya salfeti ya amonia.

Wengi wameniuliza kuhusu makapi ya chai. Yanafaa kama majani mengine yoyote yanayooza, lakini hayaongezi asidi ya kutosha kubadilisha udongo, wala machicha ya kahawa hayaongezi. Na sisi Wakenya chai yetu huchemshwa na maziwa na sukari. Ukimwaga hayo chunguni utakaribisha siafu na ukungu wa uvundo. Siki nayo hushusha pH kwa siku chache tu, kisha udongo hurudi ulikokuwa.

Nitasema kweli, mama: Syokimau ni ya chini na yenye joto kuliko Limuru, na azalea hufungua maua yake vizuri zaidi baada ya wiki kadhaa za baridi. Usitarajie ichanue kama ilivyochanua kwa mamako. Baridi ya Julai itasaidia. Maua yakinyauka, yakate mara moja, na kama unataka kupunguza matawi, fanya hivyo wakati huo huo, kwa maana vitumba vya msimu ujao huanza kujitengeneza muda mfupi baadaye. Anayekata ovyo miezi mitatu baadaye huwa anakata maua yake.

Jambo la dharura kuliko yote, hata kabla ya kuihamisha, ni kuchukua vipandikizi. Mmea uliodhoofika unaweza kufa unapong'olewa, na huwezi kuununua mwingine wa mamako dukani. Tafuta vijiti vya mwaka huu ambavyo vimeanza kukakamaa lakini bado hupindika, urefu wa kidole cha kati, kutoka tawi lenye afya kuliko mengine. Chukua kumi au zaidi. Toa majani ya chini, chomeka katika mchanga wa mtoni uliooshwa na kuchanganywa na makumbi ya nazi, mwagia maji ya mvua, kisha funika kwa mfuko wa plastiki unaopitisha mwanga na uweke kivulini. Miezi miwili au mitatu baadaye vitakavyopona vitakuwa na mizizi. Si vyote vitakavyopona, ndiyo maana nimesema kumi. Vikipona vingi, wapo ndugu waliochukua viti. Mmoja wao akiwa bado Limuru, mpelekee mche mmoja akaupande kule kule ulikotoka.

Kuhusu bogenvilia, mumeo hajakosea. Hapo ukutani palipobaki shimo patamfaa, kwani bogenvilia hustahimili joto, ukame na udongo usio na asidi. Chungu cha azalea kikae upande wa pili wa nyumba.

Wenye watoto wadogo na wafugaji wa sungura au mbuzi hapo mjini wasikilize hili. Majani, maua na hata utamu wa ndani ya ua la azalea vina sumu. Mbuzi akila majani machache hutapika, hutoa mate na huweza kufa, na vipogoleo vilivyotupwa nje ya ua ndivyo huwapata. Watoto wenye mazoea ya kunyonya maua wakatazwe. Mtoto aliyetafuna apelekwe hospitalini pamoja na tawi la mmea ili daktari aone ni nini. Sumu hii inajulikana tangu zamani: mwaka wa 401 kabla ya Kristo, askari wa Kigiriki waliokuwa wakirejea kwao kupitia pwani ya Bahari Nyeusi, katika nchi iitwayo Uturuki leo, walikula asali ya huko iliyosadikiwa kutokana na maua ya rododendroni, wakaanguka chini kwa mamia kama walevi. Kiongozi wao Xenophon, aliyeandika habari hiyo, anasema walipata nafuu baada ya siku chache.

Mwisho, kwa wale wenye jamaa Uingereza wanaotamani kuletewa ile rododendroni kubwa ya kule. Msiifiche ndani ya sanduku la nguo. Sheria inataka kibali cha KEPHIS kabla mmea haujasafirishwa, pamoja na cheti cha afya ya mimea kutoka nchi unakotoka. Haya si masumbufu ya serikali tu. Rododendroni hubeba ukungu uitwao Phytophthora ramorum, ambao umeua mialoni mingi mno huko California na kuwalazimu Waingereza kukata misitu ya miti ya lachi tangu ulipogunduliwa humo mwaka wa 2009. Isitoshe, aina moja waliyoileta kwao mwaka wa 1763 kwa ajili ya urembo, Rhododendron ponticum, imeenea katika milima ya Wales na Scotland hadi wanalipa watu kuing'oa. Na zile kubwa za nchi za baridi hazingechanua Nairobi hata zikifika salama. Anayetaka rododendroni ya kweli kwa hali yetu ya hewa aulizie zile ziitwazo vireya, za milima ya Borneo na New Guinea, ambazo hazihitaji majira ya baridi kali. Hizo nazo hutaka kibali, udongo wa asidi na maji ya mvua.